Mwaka Nilipoficha Mwiko wa Mama

Wiki iliyopita nilinunua ndakala wabichi, dagaa wa ziwa letu, pale wanapoteremshia samaki, nikawachemsha na nyanya, kitunguu, tangawizi na ndimu mbili, bila tone la mafuta. Binti yangu alirudi kutoka shule, akasimama mlangoni, akanusa, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, nani mugonjwa?"

Nilicheka mpaka nikakaa. Hapa kwetu Kalemie, chakula kisichoonja mawese ni chakula cha wagonjwa, na mtoto aliyezoea ndakala wa kukaanga lazima aogope. Nilimwambia hakuna mgonjwa, ni hamu tu. Lakini mvuke ule wa ndimu na samaki ulikuwa umeshanipanda usoni, na mimi nilikuwa nimerudi kwenye kiti kidogo cha mbao jikoni kwetu, mtoto wa mwaka wa tatu wa shule, mwenye hakika kabisa kwamba mama yake anajipiga mwenyewe kila asubuhi kabla watu hawajaamka.

Mama alikuwa mwalimu, tena mwalimu wangu mimi. Nyumbani alikuwa Mama, shuleni alikuwa Madame, na kati ya hayo mawili hakuruhusu mchanganyiko. Siku moja nilijisahau nikamwita Mama darasani, na watoto wote wakacheka. Hakucheka. Aliniambia, "Mama yako iko nyumbani. Hapa kuna Madame." Nikaketi, nimeaibika, lakini moyoni nilijivuna kwa sababu wenzangu walikuwa na mmoja tu na mimi nilikuwa nao wawili.

Mwandiko wake ulijulikana shule nzima. Alipoandika tarehe kwenye tablo, ubao wa darasa, herufi zilikaa kwenye mstari usioonekana kana kwamba ameupiga kwa rula. Mwisho wa mwaka walimu wengine walimletea bultini zao, karatasi za matokeo, awaandikie majina ya watoto, na paroko alimtumia barua za kunakili. Nilipokuwa nikijifunza kuandika, nilidhani herufi ni zake, kwamba yeye ndiye aliyezitengeneza na watu wengine wanaziazima.

Ndiyo maana siku chaki ilipomponyoka mara tatu katika mstari mmoja, mimi niliiona kabla ya wengine. Baada ya siku chache alianza kuishika chaki kwa ngumi, kama mtu anayeshika kisu. Herufi zikalala, zikapanda, zikashuka. Jirani yangu wa dawati, Kapinga, alininong'oneza, "Leo Madame anaandika kama mutoto ya mwaka wa kwanza." Nilimfinya paja mpaka akalia, na Madame akanisimamisha kwenye kona. Sikuweza kumwambia kwamba nilikuwa ninamtetea.

Nyumbani mambo yalikuwa wazi zaidi. Asubuhi vidole vya Mama vilikuwa vimevimba kwenye maungo, vyekundu, vya moto ukivigusa, na havikunjiki. Kikombe alikishika kwa viganja viwili. Papa alikuwa fundi wa vichwa vya gari moshi, mikono yake mipana, nyeusi kwenye kucha kwa mafuta ambayo sabuni haikuyamaliza hata siku ya Jumapili. Na mikono hiyo ndiyo iliyokuwa ikimfungia Mama vifungo vya blauzi kila asubuhi. Vifungo vilikuwa vidogo, vinamteleza. Papa alikuwa anatoa ulimi nje kidogo, kama mtoto anayetia uzi kwenye sindano, na Mama anaangalia dirishani. Kuelekea saa nne za asubuhi vidole vililegea kidogo. Kesho yake vilikuwa vilevile tena.

Walikwenda hospitali, na kwa sababu mdogo wangu alikuwa na homa, tulipelekwa sote. Nilikaa kwenye benchi karibu na mlango wa daktari, na mlango haukufungwa vizuri. Nilisikia sauti ya Papa ikiuliza ni nini, kama ni rumatisi, ule ugonjwa wa maungo wa wazee. Daktari akajibu polepole, "Hapana, Papa. Hii ni rumatisi ingine. Mwili yake njo inajipiga yenyewe."

Bila shaka alieleza zaidi. Nilipokuwa mtu mzima niliambiwa kwamba alitumia mfano wa walinzi wa nyumba wanaogeuka na kumpiga mwenye nyumba. Lakini mimi nilikuwa nimeshachukua neno langu na kuondoka nalo. Mama anajipiga. Ndiyo maana vidole vinavimba. Ndiyo maana huwa vibaya zaidi asubuhi: anajipiga sisi tukiwa tumelala. Na kwa nini mtu mzima ajipige? Nilifikiri sana juu ya hilo. Mimi nilipigwa nilipokosa. Basi Mama alikuwa na kosa kubwa ambalo hakuna aliyelijua, au kosa lilikuwa langu na yeye alikuwa analipokea.

Daktari alimpa vidonge vilivyotoka Lubumbashi kwa ndege, vya kumeza siku moja tu katika juma, akamwambia vinachelewa kufanya kazi, avumilie hata miezi miwili, mitatu. Juma la kwanza vilimtia kichefuchefu. Juma la pili pia. Vidole havikubadilika. Na juma la tatu akaja Mama Mukubwa.

Mama Mukubwa alikuwa dada mkubwa wa Mama, aliyeolewa Kirungu huko juu milimani. Wazazi wao walikufa mapema, na yeye ndiye aliyemlea Mama na kumpeleka shule. Aliteremka na gunia la maharagi, majani makavu yaliyofungwa kwenye kitambaa, na sweta ambayo alikataa kuivua hata kwenye jua letu. Alishika mikono ya Mama, akaigeuza, akalia bila kutoa sauti. Kisha akafuta macho, akaingia jikoni.

"Ni chakula," alisema. "Huku chini munakula kila kitu. Damu yake imechafuka. Tutaisafisha."

Akaanza kukataza. Mawese, marufuku. Chumvi, marufuku. Samaki, marufuku, kwa sababu samaki ana maji baridi ndani yake. Nyama, sukari, nyanya, hata bugali. Mama alibaki na uji mwepesi wa ulezi na maji machungu ya yale majani. Vile vidonge Mama Mukubwa alivitazama kwa muda mrefu, akasema, "Hii inakukausha. Unatapika kila juma, na mikono iko vilevile. Iache kwanza." Mama, ambaye shuleni hakuna mtu aliyempinga, kwa dada yake alikuwa tena mtoto. Akaviacha. Papa hakuambiwa.

Kwa siku chache za mwanzo alisema anasikia mwili mwepesi. Ulikuwa mwepesi kweli. Sketi yake ikaanza kuzunguka kiunoni, akaishika kwa pini. Mashavu yakaingia ndani. Magoti nayo yakavimba, akawa anafundisha ameketi, na tablo tukaandika sisi wenyewe, mmoja baada ya mwingine, akitusomea herufi kwa mdomo. Siku moja direktere wa shule aliingia katikati ya somo, akaangalia tablo, akaangalia Mama. Alikuwa mtu mpole. Alimwita mlangoni, lakini mimi nilikaa dawati la mbele.

"Madame, pumuzika. Tungoje mpaka Paska. Kama haiko muzuri, tutatafuta mwalimu mwingine wa hii darasa."

Mama akasema, "Nimesikia, Direktere." Akarudi, akaendelea na kuzidisha kwa saba. Mimi sikusikia saba mara ngapi. Nilikuwa nimeamua kwamba lazima mtu azuie kile kipigo, na mtu huyo ni mimi.

Nilianza kwa kuficha mkanda wa Papa, kwa sababu ndio nilioujua zaidi. Papa akaenda kazini na kamba kiunoni, akinung'unika. Asubuhi iliyofuata vidole vya Mama vilikuwa vilevile, basi haukuwa mkanda. Nikaficha mchi mdogo wa kutwangia kitunguu saumu. Nikaficha fimbo ya kufungia mlango. Vyote nilivitia nyuma ya magunia ya makala, makaa ya kupikia, kwenye kibanda cha uani. Kila asubuhi niliangalia vidole vyake, nikaona havijapona, nikatafuta ndani ya nyumba kitu kingine kinachoweza kuumiza. Mwishowe nikaufikia mwiko. Mwiko wetu wa bugali ulikuwa mrefu, mzito, wa mti mwekundu, Mama aliletewa kutoka Zongwe. Nilipoushika mkononi nikajua: ni huu. Niliubeba chini ya gauni.

Ilikuwa Jumapili. Baada ya misa Papa alirudi na mikebuka miwili mikubwa iliyofungwa kwa kamba ya jani, akaiweka mezani kwa kishindo. Alikuwa amechoka kumwona mke wake anakunywa uji.

"Leo katika hii nyumba tunakula bugali na samaki," alisema. "Sote. Na Mama ya hawa watoto atakula."

Papa akaweka sufuria motoni yeye mwenyewe, maji yakachemka, akatafuta mwiko. Akatafuta juu ya kabati, chini ya meza, ndani ya pipa. Niliona shingo yake inavyobadilika.

"Mwiko iko wapi?"

"Miye sijui," alisema Mama Mukubwa.

"Haujui? Umekataza bugali tangu mwezi mzima, leo mwiko imepotea yenyewe?"

"Baba watoto, unaniita mwizi?"

"Sikukuita mwizi. Nasema unamuua mudogo wako na njaa!"

Maji yalikuwa yanachemka peke yake. Mama alisimama katikati yao, ameegemea meza kwa viwiko kwa sababu viganja havikuweza, anasema basi, basi. Mama Mukubwa aliingia chumbani, akatoka na kitambaa chake, akaanza kufunga vitu. Alisema alimbeba Mama mgongoni kabla Papa hajajua kama yuko duniani. Alisema asubuhi atapanda gari la Moba arudi kwake Kirungu. Mama alianza kulia, na mimi nilikuwa sijawahi kumwona Mama akilia, wala Madame.

"Mimi njo nilificha!" nilipiga kelele.

Wote wakageuka.

"Mwiko. Na mukaba ya Papa. Na muchi. Nilificha vyote."

"Kwa nini?" aliuliza Papa.

"Mama asijipige."

Hakuna aliyeelewa. Ikabidi nieleze huku ninalia kamasi: kwamba nilimsikia daktari, kwamba mwili wake unajipiga, kwamba nimejaribu na mkanda, na fimbo, lakini kila asubuhi vidole bado vimevimba, na kwamba kama kosa ni langu anipige mimi.

Papa alifunika macho kwa mkono. Mama Mukubwa aliachia kitambaa. Mama alishuka taratibu mpaka akakaa chini sakafuni, kitu ambacho magoti yake hayakumruhusu kwa wiki nyingi, akanivuta kifuani kwa mikono yake isiyokunjika. Alikuwa mifupa tu. Nilizisikia mbavu moja moja.

"Hapana, mama," aliniambia, kwa maana mimi nina jina la mama yake na alipokuwa na huruma aliniita hivyo. "Sijipigi. Sikia. Mama hajipigi. Ni ugonjwa tu."

Kisha akainua kichwa, akamtazama Papa. Labda ni kwa sababu mtoto alikuwa ameshasema yake, naye akaona lazima aseme yake. "Nami kuna kitu nimeficha. Zile dawa sikunywa tena. Tangu mwezi."

Nilidhani ugomvi utaanza upya. Haukuanza. Papa alipunguza moto, akakaa naye chini sakafuni, na baada ya muda Mama Mukubwa pia akakaa, na sweta yake. "Ni miye nilimwambia aache," alisema. "Nilimwona anatapika. Niliogopa." Hilo neno, kutoka kwake, lilimaliza mambo yote. Nilitumwa kwenye makala kuleta mwiko. Bugali ililiwa jioni, na mikebuka ikachemshwa, maana hakuna aliyekuwa na nguvu za kukaanga.

Kesho yake tulikwenda kwa daktari, na safari hii niliingia ndani. Daktari alimsikiliza Mama mpaka mwisho. Hakumfokea. Alisema vidonge vinaanza upya leo, na kwa kichefuchefu kuna kidonge kingine kidogo cha kusaidia, na damu itapimwa. Mama Mukubwa, aliyekuwa amesimama ukutani, akauliza kwa sauti ya mtu anayesubiri hukumu, "Kwa hiyo, dokta, chakula si kitu?"

"Chakula ni kitu, Mama. Kitu kikubwa. Lakini haiwezi kukamata nafasi ya dawa. Na muntu mwenye njaa haponi." Akahesabu kwa vidole: samaki wa ziwa mara nyingi, hasa wale wenye mafuta yao wenyewe, wa kuchemsha au kuchoma. Maharagi. Lenga-lenga na majani mengine. Papai, ndimu, avoka. Kupunguza sukari na soda, na kukaanga kwenye mafuta yaliyochomwa mara nyingi. Bugali ale, ila si mlima. "Na muandike. Kila siku mumekula nini, na mikono iliamka namna gani. Si watu wote wako sawa. Yeye tutamwona kwa mambo yake mwenyewe."

"Maharagi," alisema Mama Mukubwa tulipokuwa nje, akinyoosha sweta. "Mulisikia? Maharagi ya Kirungu."

Mama hakuweza kuandika. Nikapewa mimi kaye, daftari la kuandikia hayo. Nilikuwa nimetaka kuokoa mikono yake kwa kuiba, sasa nikapewa kazi ya halali. Kila asubuhi kabla ya shule nilimwuliza kama tuko darasani, "Madame, mikono?" na yeye alikunja vidole mbele yangu kadiri vinavyokubali, nami nikaandika. Bado ninazikumbuka kurasa zile. Jumanne, ndakala ya kuchemsha, lenga-lenga, mikono mubaya. Jumatano, maharagi na papai, mikono mubaya. Alhamisi, mikono mubaya, Mama amekasirika. Ulikuwa mfululizo wa ubaya, na niliona aibu kuandika neno lile lile, nikaanza kulipamba herufi.

Chakula chenyewe sikukipenda, tuseme ukweli. Samaki wa maji, majani ya maji. Mdogo wangu aliuliza kama na sisi tuna rumatisi. Aliyetuokoa ni Mama Mukubwa, yule yule. Alipoacha kuogopa, alikumbuka kwamba anajua kupika. Alifunga mikebuka kwenye jani la mgomba na nyanya, pilipili na tangawizi, akaiweka juu ya makala. Aliliponda parachichi na ndimu na kitunguu. Majani aliyatia karanga kidogo. Papa alianza kurudi kutoka kazini mapema.

Siku ya ubatizo kwa jirani Mama alikula mandazi, nyama ya nguruwe, soda mbili, na siku mbili zilizofuata niliandika mikono mubaya sana. Inawezekana ni mandazi. Inawezekana ni kukaa kwenye baridi ya jioni. Hata leo sijui, na daktari naye alisema hajui, alisema tu, "Andika." Lakini Mama tangu siku hiyo aliyapita mandazi bila kuyaangalia.

Halafu neno likabadilika. Sikumbuki ilikuwa juma la ngapi. Nakumbuka kwamba niliandika mikono mubaya kidogo, nikasita, nikauliza, "Ni kidogo kweli?" na yeye akasema ndiyo, andika. Kilichofuata ni asubuhi ambayo Papa aliingia chumbani kama kawaida, na mimi nilikuwa nyuma yake na kaye yangu. Mama alikuwa amesimama mbele ya kioo, blauzi imefungwa mpaka juu. Kifungo kimoja kilikuwa kimeingia kwenye tundu la jirani yake, kola imepanda upande mmoja. Papa alitazama vile vifungo. Hakukirekebisha kile kilichokosea. Akatoka nje uani, akasimama kando ya pipa la maji akiwa ametugeuzia mgongo, na nilipomfuata akaniambia kuna moshi unamwingia machoni. Moto ulikuwa haujawashwa.

Paska ilipofika, direktere alikuja darasani. Mama alikuwa amesimama. Tarehe ilikuwa kwenye tablo, si nzuri kama zamani, imeinama kidogo, lakini kwenye mstari. Direktere aliitazama, akamtikisia Mama kichwa kwa kukubali, akafunga mlango. Hatukusikia tena habari za mwalimu mwingine. Kapinga alinong'ona kitu, sikumfinya.

Ugonjwa haukuondoka. Uko naye mpaka leo, na vidonge viko naye, na vidole viwili vya mkono wa kushoto vimepinda kabisa. Kuna majuma mabaya. Lakini mama yangu ni mzee sasa, na siku zile mimi niliogopa kwamba hatafika Noeli.

Likizo kubwa ilipoanza, Papa alipata ruhusa na sote tukapanda boti kwenda Mpala, walikozaliwa Mama na dada yake. Mama Mukubwa alikuwa nasi. Alitaka kuona makaburi ya wazazi wao kabla ya kupanda tena Kirungu. Boti lilijaa watu na mizigo. Ziwa lilikuwa na mawimbi madogo, na pale Mpala hakuna gati, boti linasogea mpaka kina cha magoti na kila mtu anateremka kwa namna yake. Papa alikuwa amefikiria jambo hilo tangu Kalemie. Aliruka kwanza, akasimama ndani ya maji suruali imeloa, akageuka na kunyoosha mikono yote miwili ili ambebe Mama. Mama Mukubwa naye aliteremka, akasimama upande wa pili, wakawa wawili.

Mama alivua viatu, akanipa mimi. Akakamata ukingo wa boti kwa vidole vyake, nikaona vinakunjika, vinashika. Akainua sketi. Kabla Papa hajamaliza kusema "Pole pole," alikuwa ameshapita katikati yao, maji yakaruka mpaka kwenye sweta ya Mama Mukubwa, naye akatembea mpaka mchangani peke yake.

Huko akageuka. Sisi wote tulikuwa bado tumesimama pale pale, Papa na mikono yake imenyooka hewani, Mama Mukubwa na mdomo wazi, mimi juu ya boti na viatu.

"Munangoja nini?" alituita, na ilikuwa sauti ya Madame kabisa. "Shukeni!"